Ombi la Kuandikishwa Kuwa Mjusi

Kwa Mheshimiwa Mhifadhi wa Vilima vya Mchanga,
Ofisi ya mwisho wa barabara, mlango wenye kengele isiyolia.

Yahusu: OMBI LA KUANDIKISHWA KUWA MJUSI

Mheshimiwa,

Kichwa cha barua hii hakijakosewa. Naomba ukisome tena polepole. Nitakusubiri hapa, nikiwa nimeangalia chini kama kawaida yangu.

Mimi ni binti wa fundi cherehani anayekaa nyumba ya mwisho kabla mchanga haujaanza, ile yenye mapazia ya kijani. Hunijui, na hilo si kosa lako. Nimefanya bidii kubwa usinijue. Unayemjua ni shangazi yangu, kwa sababu ndiye katibu wako, anayekupokelea simu, anayekuchapia barua na kukunong'oneza jina la mtu unayezungumza naye. Barua hii nitaileta kwa mkono wangu na kuipenyeza chini ya mlango kabla ofisi haijafunguliwa, ili isipitie kwake. Ikipitia kwake itasomwa kwa sauti.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kuogopa naogopa kwa Kiswahili. Sayansi nimefundishwa kwa lugha ile nyingine, ya shule, kwa hiyo nitakapofika kwenye vidole na magamba utaniona najikwaa kidogo. Watu hudhani mtoto mwenye lugha mbili anaongea mara mbili. Mimi nina lugha mbili za kunyamazia. Mwalimu akiuliza kwa lugha ya shule, jibu linanijia kwa lugha ya nyumbani, na nikimaliza kulivusha swali limeshafika dawati la dirishani, ambako mtu ameshalijibu vibaya na kupigiwa makofi.

Kabla ya malalamiko, niseme tatizo ni lipi, maana shangazi anasema barua nyingi zinazokuja kwako hufika mwisho bila kusema. Jumamosi hii mnaifungua hifadhi rasmi. Kutakuwa na jukwaa, kipaza sauti, viti vya plastiki na wageni kutoka mbali. Shangazi amekuahidi kwamba mimi ndiye nitakayesimama jukwaani na kuwakaribisha wageni kwa lugha zote mbili. Mimi sikuahidi kitu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Wakati huohuo kilima cha nyuma, kile kirefu, ambako mijusi ni wengi na ambako mimi hukimbilia wageni wanapokuja nyumbani, kimepangiwa kusawazishwa kwa katapila, ili magari ya watu wanaokuja kuona kilima yapate mahali pa kuegeshwa.

Mambo haya mawili yamenikosesha hamu ya kula. Ombi langu moja linayatibu yote mawili. Malalamiko ni haya:

1. Nalalamikia bango.

Bango lenu linasema, kwa herufi kubwa nyeupe: HIFADHI YA MJUSI MCHANGA. USIMKARIBIE. USIMSHIKE. USIMPIGIE KELELE. USIMTAZAME KWA MUDA MREFU, ANAPATA MSHTUKO.

Mheshimiwa, nilisimama mbele ya maneno hayo nikaona wivu ambao sijawahi kumwonea hata mtu mwenye simu mpya. Mjusi amepewa kwa maandishi kila kitu ambacho mimi nimekuwa nikikiomba kwa macho tangu nizaliwe. Mimi natazamwa kwa muda mrefu kila anapoingia mteja wa mama. Nashikwa shavu, mkono na kidevu. Napigiwa kelele za upendo, kwamba jamani amekua, jamani mbona haongei, huyu si ndiye aliyelia kwenye harusi mpaka bibi harusi naye akaanza. Kwetu hakuna bango. Nilimwomba mama anidarizie angalau la kitambaa, la kuvaa shingoni, akacheka mpaka akaunganisha mkono wa blauzi ya mteja kwenye kola.

2. Nalalamikia upendeleo katika maumbile.

Babu za mijusi hawa, kwa nilivyosoma, hawakuwa wa mchangani. Walikuwa mijusi wa kawaida wa majanini, wenye vidole vyembamba na maoni mengi. Kisha bahari ikatema mchanga, upepo ukaurundika, majani yakafukiwa, na wajukuu wao wakajikuta wanaishi mahali ambapo ukikanyaga unazama na ukisimama unaungua. Sasa katika kila kizazi walizaliwa wa namna mbili. Kulikuwa na waliopenda kuonekana, nao wakaonekana, na kunguru. Na kulikuwa na wale ambao kivuli kikipita tu, kichwa kiko ndani. Hao wa pili ndio waliobaki wakazaa. Aliyetokea kuwa na magamba pembeni ya vidole, kama meno ya kitana, hakuzama, akazaa wenye vitana. Aliyekuwa na pua bapa kama mwiko aliingia mchangani haraka kuliko ndugu zake, akazaa wenye pua za mwiko. Waliofanana na mchanga walibaki juu ya mchanga. Wenye madoa ya kupendeza walibaki tumboni mwa ndege. Hakuna aliyepanga. Hakuna mjusi aliyelala akisema kesho naota kitana. Ni aibu tu, imerithishwa kwa muda mrefu mno, mpaka ikawa mwili.

Kwa mjusi jambo hili linaitwa mafanikio, na linajengewa hifadhi. Kwangu linaitwa "ataacha akikua".

3. Naambatanisha ushahidi kwamba nami nimeshabadilika.

Sitaki uone natania, kwa hiyo nitataja yale tu ambayo mama anaweza kuyathibitisha.

Kwanza rangi. Mama hununua kitambaa kwa jora, na baada ya kushona mapazia ya sebuleni alinishonea gauni kwa kilichobaki. Siku moja ya mapumziko shangazi alikuja ghafla, nami nikasimama dirishani nikatulia. Alikunywa chai. Akaongezewa. Akamsimulia mama habari zote za ofisini kwako, ambazo sitazirudia, ila pole sana kwa lile jino. Alipouliza niko wapi, mama alilitazama pazia, na pazia likageuza uso.

Pili mkia. Mjusi akikamatwa mkia anauacha mkononi mwa adui na kwenda zake. Mimi shangazi aliwahi kunidaka mlangoni kwa sweta, akiwa na wageni wawili nyuma yake. Alibaki na sweta. Mama amefuma jingine, nalo limeota fupi kidogo kuliko la kwanza, kama mikia inavyofanya.

Tatu miguu. Mchanga ukipata moto, mjusi wa vilima hunyanyua mguu huu, akaushusha, akanyanyua ule, kama mtu anayesikia muziki peke yake. Mimi nikiitwa mbele ya darasa hufanya vilevile, hata sakafu ikiwa baridi. Mwalimu ameandika kwenye ripoti yangu kwamba niruhusiwe kwenda msalani mara kwa mara.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilikuwa linamtaja mtu.

5. Nalalamikia neno lililokosekana.

Hapa ndipo penye uzito, na mikono imeanza kutoka jasho, kwa hiyo utaisamehe karatasi.

Bango linasema MJUSI MCHANGA. Mlikusudia mjusi wa mchanga. Mchora bango alipofika katikati ya ubao aliona nafasi inamwishia, akaacha "wa", akajitetea kwamba mjusi mwenyewe ni mdogo, watu wataelewa. Watu wameelewa kweli, ila kitu kingine. Wateja wa mama wanaulizana huyo mjusi mchanga ananyonya mpaka lini, na mama yake yuko wapi wakati wote huu. Mmoja amepeleka kipande cha fulana laini, kakiweka chini ya bango, kakikandamiza kwa jiwe, eti usiku kuna baridi.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, lakini mkandarasi wa maegesho naye amelisoma bango. Akaiandikia ofisi yako kuuliza: ulinzi huu ni wa mjusi akiwa mchanga, au unaendelea hata akikua? Na ofisi yako ikamjibu, siku ileile ya jino, kwamba bango lifuatwe kama lilivyoandikwa. Tangu hapo mkandarasi anazunguka kilima cha nyuma, anakamata mijusi, anawapindua tumbo, anawachungulia mdomoni kama mnunuzi wa ng'ombe, na kutangaza kwamba kwenye kilima hiki hakuna mchanga hata mmoja, wote ni watu wazima wanaojitegemea. Kwa hiyo kilima hakilindwi. Kwa hiyo kinasawazishwa.

Kilima kizima, Mheshimiwa, kwa sababu ya neno lenye herufi mbili. Na mijusi wale hawana kilima kingine. Wakipelekwa majanini watazama kwa aibu, maana vile vidole vya vitana majanini vinanasa, na ile rangi yao nzuri ya mchanga juu ya kijani inaonekana kutoka mbinguni.

6. Nalalamikia urefu wa neno hilohilo.

Utauliza mbona sikusema. Nilijaribu. Nilipita na uzi wa mama wakati mchora bango yuko juu ya ngazi, nikaona anaruka "wa", nikasimama chini yake. Akaniuliza, "Unasemaje?" Nikamjibu kwamba sijambo.

Nilijaribu kwa shangazi pia. Ila shangazi ukitaka kumwambia neno ni lazima upate mwanya, na mwanya wake hutokea anapomeza, naye humeza haraka. Kisha nikamwendea mama. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini, akaniangalia. "Mwanangu, si useme tu? Neno moja."

Mtu asiyeogopa hudhani neno moja ni jepesi. Sentensi ndefu ina vyumba. Unaweza kuingia ndani yake, ukapita katikati ya maneno mengine, ukatokea upande wa pili hakuna aliyekuona. Neno moja halina hata kona. Ukilisema, mnabaki wawili tu, wewe nalo, na watu wote wanawatazama.

7. Kwa hiyo naomba kama ifuatavyo.

Nimefikiri sana, nikapata njia ambayo haimlazimu mtu yeyote kusimama na kusema chochote.

Bango linamlinda mjusi mchanga. Bango lifuatwe lilivyoandikwa; hayo ni maneno ya ofisi yako. Sasa, mimi ni mchanga. Siruhusiwi kupiga kura, siruhusiwi kuendesha gari, na daktari bado ananiandikia dawa ya maji. Na kwamba ni mjusi, nimeshaonyesha hapo juu. Makazi yangu, kila wageni wanapokuja, ni kilima cha nyuma. Nikiandikishwa, basi kilima cha nyuma kitakuwa na mjusi mchanga mmoja aliyethibitishwa na ofisi, mwenye ripoti ya shule, na katapila haliwezi kukigusa. Majirani zangu, hao watu wazima wanaojitegemea, watapona kwa kuwa wamepanga jirani nami.

Na mjusi mchanga, kwa mujibu wa bango, hakaribiwi, hashikwi, hapigiwi kelele wala hatazamwi kwa muda mrefu. Jukwaa linafanya yote manne kwa pamoja. Hotuba yangu ya Jumamosi itakuwa imefutika yenyewe, kisheria, bila mimi kumwambia shangazi hapana. Sijawahi kumwambia shangazi hapana. Sijui hata huwa inatamkwa kwa sauti ipi.

Masharti yangu si mengi. Chakula nitakula nyumbani. Sina haja ya kuletewa wadudu. Mkitaka kunitia alama ya rangi kama mnavyowatia wenzangu, naomba iwe mkononi na isiwe kichwani, kwa sababu ya shule. Watafiti wanaruhusiwa kunichunguza, kwa barua. Msimu wa kuzaliana haunihusu, mama amesema. Na katika ile taarifa yenu ya viumbe wanaotishia makazi ya mjusi, naomba shangazi aingizwe, chini ya kunguru lakini juu ya paka.

Nikishakuwa mtu mzima nitaondoka kwenye kilima kwa hiari yangu. Naamini wakati huo watoto wengine wenye aibu watakuwa wameshaota, na nafasi haitabaki wazi.

8. Najibu swali ambalo bado hujauliza.

Utasema, nani basi atawakaribisha wageni? Napendekeza shangazi mwenyewe. Lugha ile nyingine haijui, lakini wageni hawatagundua upesi, kwa kuwa anaongea zaidi kwa mikono.

Hapa lazima nikiri jambo, maana nikisoma tena naona nimemsema vibaya. Alipokuwa ananiahidi kwako nilimsikia, kwa sababu simu yake husikika hata kwa majirani. Alikuambia, "Nyumbani tuna mtoto ana lugha mbili, zimekaa tu kabatini kama sahani za wageni." Mama alinuna. Mimi sikununa. Nilipokuwa mdogo, watu walipokuwa wanasema huyu labda ni bubu apelekwe hospitali, shangazi ndiye aliyekuwa ananibeba mgongoni sokoni na kuwaambia wauzaji wote kwamba mimi si bubu, mimi nakusanya. Amesubiri miaka mingi aone nilichokusanya. Naona anataka kukiona Jumamosi. Namwonea huruma, kwa sababu nimekusanya habari za mijusi tu.

9. Hakuna la tisa. Niliandika namba kabla sijafikiri, na mama hapendi karatasi iliyofutwafutwa.

Mheshimiwa, nimefika mwisho wa karatasi na wa ujasiri. Nakuomba unijibu kwa maandishi. Usinipigie simu, simu iko sebuleni, na sebuleni daima kuna mtu anapimwa kiuno. Ukikutana nami njiani kwa bahati mbaya, tafadhali tazama kitu kingine, nami nitakuwa nimeshafanya hivyo.

Nisalimie wote hapo ofisini. Nisalimie mlinzi wa geti, ambaye hunisalimia kwa nyusi tu na kwa hilo namheshimu kuliko watu wengi. Nisalimie mama wa chai. Nisalimie mchora bango, na asijione mkosaji. Ubao kweli ulikuwa mfupi. Msalimie na dereva wa katapila, simjui, lakini nasikia chombo chake hukifuta vumbi kila asubuhi, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mbaya. Shangazi usimsalimie, atauliza salamu zimetoka wapi. Mijusi wote wasalimie kwa mbali, kama bango linavyoagiza.

Wako ninayekuheshimu, nikiwa nimezama hadi shingoni,

Mjusi mtarajiwa,
nyumba ya mapazia ya kijani.

Nyongeza:

Mheshimiwa, nyongeza hii naiandika nikiwa nimeketi kwenye kiti kimojawapo cha wageni, karatasi iko gotini, kwa hiyo mwandiko umebadilika. Na mimi pia.

Asubuhi nilitoka na barua hii nikapita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu yeyote. Nikakutana na wote. Katapila lilikuwa limewahi, kwa sababu dereva amepata kazi nyingine kesho. Wapanga viti walikuwepo, na shangazi alikuwepo akiwaelekeza wapi kiti kianze kuitwa safu. Mkandarasi alikuwa amesimama mbele ya katapila, amemshika mjusi kwa vidole viwili, anawaonyesha watu. Akasema, "Huyu naye mchanga? Huyu ana wajukuu." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa ndani. Ulikuwa mzaha mzuri.

Kisha akampungia dereva. Lile bamba kubwa la mbele likashuka, likagusa mguu wa kilima, na mchanga ukaanza kuporomoka. Katika ule mchanga unaoporomoka nikaona vichwa vidogo vinatoka, vinaingia, vinatoka tena mahali pengine. Walikuwa wanafanya kila walichofundishwa na babu zao. Wamejiandaa kwa kunguru, wamejiandaa kwa jua na upepo, wamejiandaa vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwa katapila hawakupewa muda. Kujificha mchangani hakumsaidii mtu pale mchanga wenyewe unapozolewa.

Nikafungua kinywa niseme "wa". Nilikusudia hilo tu, halafu nirudi nyumbani nikalale.

Lilitoka, na nyuma yake likatoka jingine, na nyuma ya hilo yakatoka yote. Nilieleza bango. Nilieleza bahari ilivyotema mchanga. Nilieleza kitana na mwiko na mijusi wa majanini wenye maoni mengi, na Kiswahili kilipoishia kwenye magamba nikahamia lugha ya shule, na lugha ya shule ilipokosa hasira nikarudi kwenye Kiswahili. Dereva alizima injini ili anisikie. Sikugundua, nikaendelea kupiga kelele katika ukimya kwa muda, nasikia sasa mpaka sokoni walisimama. Mkandarasi alijaribu kuingiza neno. Nikamwambia, "Mzee wangu, samahani, sijamaliza."

Mengine uliyaona mwenyewe, kwa sababu ulikuja na kikombe chako cha chai ukasimama nyuma ya wapanga viti. Uliuliza huyu ni mtoto wa nani. Shangazi hakukujibu. Alikuwa amekaa chini, ameishiwa na maneno, na naomba jambo hilo liandikwe mahali rasmi, maana nyumbani hawataamini. Nakushukuru kwa kumwambia dereva arudi nyuma, na kwa kuamua magari yaegeshwe uwanja wa shule. Mchora bango ameshaongeza "wa". Ameibana juu ya mstari, kama mtu aliyechelewa kwenye picha ya pamoja.

Barua hii nakupa hivyohivyo, mkononi, kwa kuwa mlango uko wazi. Lakini ombi lenyewe naomba lifutwe. Nimejichunguza nikaona sifai. Mjusi hamkatizi mkandarasi.

Ninalo ombi jingine dogo. Hotuba ya Jumamosi aliyoniandikia shangazi nimeisoma, ni fupi mno, haifiki hata kwenye vidole. Naomba niongezewe muda. Mgeni rasmi anaweza kupunguza wake.